Angani Karibu, Baharini Mbali

Mtu aliyesimama kwenye daraja la Mto Migori yuko karibu na anga za juu kuliko bahari. Sisemi kwa mafumbo. Setilaiti ndogo za siku hizi hupita kwenye kimo cha kilomita 500 na ushei, na mpaka ambao wanasayansi wengi huuhesabu kuwa mwanzo wa anga za juu uko kilomita 100 tu juu ya vichwa vyetu. Mombasa, hata ukivuta kamba moja kwa moja bila kujali Mara wala Tsavo, iko zaidi ya kilomita 650. Kwa barabara, ukipitia Narok na Nairobi, ni 850 hivi, na hapo hujahesabu kuteremka kula, kuteremka kujisaidia na kugombana na kondakta. Hesabu hii nilipewa na mdogo wangu, injinia wa setilaiti, nami nikaihakiki kwa rula kwenye ramani ya ukutani darasani. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Hesabu za mainjinia lazima zipitiwe na mtu mwenye nafasi.

Lau angezitii hesabu zake mwenyewe, mdogo wangu angejua mapema jambo ambalo sote tulikuja kulijua: kupeleka kitu angani ni kazi nyepesi kuliko kuleta bahari nyumbani kwetu Homa Bay.

Lakini kwanza niseme tunavyojivuna, maana nisiposema mimi atasema Mama, na Mama akianza hamalizi. Kazi ya mdogo wangu ni betri na paneli za jua za setilaiti ndogo. Anazipima: anazipasha moto, anazigandisha, anazitikisa mpaka skrubu zilizolegea zijitaje zenyewe, kisha anaandika ripoti ambayo hakuna mtu katika ukoo wetu aliyewahi kuifikisha mwisho. Ukimuuliza ameshindaje kazini atakwambia, "Nimejaribu kuharibu kitu na kimekataa kuharibika," na utaona usoni kwamba siku ilikuwa njema. Nyumbani maelezo hayo yalifupishwa zamani. Yeye ni Injinia. Anarusha vitu.

Tarehe 15 Aprili 2023, siku setilaiti ya Taifa-1 iliporushwa kwa roketi ya Falcon 9 kutoka kituo cha Vandenberg kule California, sebule ya Mama Homa Bay ilijaa mapema kuliko siku ya matanga. Safari hiyo ilikuwa imeahirishwa mara kadhaa kwa sababu ya hali ya hewa, na kila ilipoahirishwa Mama aliuombea upepo wa California utulie, ingawa California aliyoijua yeye ni ule mtaa wa Nairobi, jirani na Eastleigh, na alishangaa ulipata lini uwanja wa roketi. Saa tatu na dakika 48 asubuhi kwa saa zetu, moto ukawaka chini ya roketi, vigelegele vikalia. Injinia akasimama kutukumbusha kwamba setilaiti hiyo hakuiunda yeye; iliundwa na kampuni ya SayariLabs ya Kenya pamoja na EnduroSat ya Bulgaria, kwa ajili ya Shirika la Anga za Juu la Kenya, na iligharimu shilingi milioni 50. Hakuna aliyemsikia. Shangazi alikuwa ameshaanza kumtungia sifa kwa Kijaluo, na sifa za Kijaluo hazikatishwi kwa ajili ya mkandarasi wa Bulgaria.

"Ina ukubwa gani?" Baba mdogo aliuliza.

"Sentimita 10 kwa 10 kwa 30."

Baba mdogo akapima hewani kwa viganja, akatazama alichokipima. "Milioni 50 kwa mkate?"

Tangu siku hiyo setilaiti zote, za kwetu na za ng'ambo, huitwa mkate. "Mkate wa Injinia umeshapita leo?" ni swali la heshima kabisa, na huulizwa na watu wazima.

Sifa ina kodi yake. Injinia wa setilaiti akirudi nyumbani likizo, kazi yake halisi ni madishi ya televisheni. Upepo wa ziwa huyapinda, mvua huyatia kutu, na mafundi wanataka hela. Alijaribu kumweleza jirani kwamba setilaiti za televisheni zimekaa karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta, na hizo anazoshughulikia yeye ziko kilomita 500 tu, hivyo hazina uhusiano wowote. Jirani alifikiri kidogo. "Zako ziko karibu zaidi," akasema. "Basi kwako itakuwa rahisi." Injinia akapanda juu ya paa. Huku Migori mambo hayakuwa tofauti. Ninaishi karibu na mzee mmoja aliyechimba dhahabu kule Macalder tangu ujana wake, naye aliniita uani, akanong'ona: mkate ukipita, je, hauwezi kutupia jicho chini ya choo chake, maana ana hisia? Nilimwambia kamera ya setilaiti huona juu ya ardhi, haichungulii chini ya saruji. Akaniambia nimwulize mdogo wangu, nisijibu kwa niaba ya serikali.

Na tarehe 30 Desemba 2024, pete ya chuma yenye upana wa mita 2.5 na uzito wa kilo 500 ilipoanguka kutoka mbinguni katika kijiji cha Mukuku, Makueni, taarifa ya awali ya Shirika la Anga za Juu ilisema ni kipande cha roketi. Mama hakungoja taarifa ya pili. Alipiga simu Nairobi. "Wuoda," yaani mwanangu, "hicho kitu ni chako?" Injinia akakana. "Kama ni chako useme mapema," Mama akasisitiza, "twende tukawaombe radhi Wakamba kabla ya mwaka mpya."

Sasa tuje kwenye maji.

Injinia alipelekwa Malindi kwa mafunzo. Kule Ngomeni, kaskazini kidogo ya Malindi, kuna majukwaa ya chuma yaliyosimama ndani ya bahari, ambayo Waitaliano waliyaweka miaka ya sitini kwa ajili ya kurushia roketi. Ni huko ambako, tarehe 12 Desemba 1970, ilirushwa setilaiti ya Kimarekani ya kwanza duniani kuundwa mahsusi kuchunguza miale ya eksirei kutoka kwenye nyota. Kwa kuwa ilikuwa sikukuu yetu ya uhuru, ikaitwa Uhuru. Roketi ya mwisho iliruka pale mwaka 1988. Hayo yote Injinia alikuwa akiyajua vitabuni. Ambacho hakukijua ni kwamba maji ya bahari yakikupwa hubakiza vidimbwi kwenye mawe, na ndani ya vidimbwi kuna samaki wa rangi ambazo kwetu ziwani hazipo, labda kwenye kanga. Alikwenda kusomea anga, akarudi amependa vidimbwi.

Mama amezaliwa ziwani, ameolewa ziwani, ameuza omena mpaka akatusomesha, na bahari hajaiona. Injinia akaamua amletee. Nilimwuliza kwa nini asimpeleke Mama Mombasa kwa treni, akaona maji yote kwa mara moja na tukaokoa fedha. Akajibu kwamba goti la Mama haliwezi safari ndefu. Goti hilo hupanda kilima cha Asego kwenda kwenye maombi, lakini sikubisha. Mtu aliyeshachora mchoro habishiwi.

Alinunua tangi la kioo Nairobi, refu zaidi ya mita moja, la kuingia maji lita 200. Alipanda nalo basi la usiku, akapatana na kondakta washushwe Rongo, pale njia ya Homa Bay inapochepuka. Rongo ilipita watu wamelala, kondakta akiwemo. Alfajiri simu yangu ikalia: "Japuonj," yaani mwalimu, "tuko stendi yenu." Nikadhani amekuja na mchumba.

Nilipofika stendi ya Migori nilikuta watu wamelizunguka tangi wakijadiliana. Kundi la kwanza lilisema ni jeneza la tajiri, la kioo, ili waombolezaji wamwone mpaka mwisho. Kundi la pili, la wachimbaji, lilisema huo ni mtambo mpya wa kuoshea dhahabu, na mmoja wao alishataja bei. Bei ilikuwa nzuri. Nilimvuta mdogo wangu kando nikamshauri auze, turudi nyumbani tukanywe chai. Alinitazama kwa macho ya mtu aliyesalitiwa na damu yake.

Tukakodi Probox. Probox ya kwetu ni gari la watu watano linalobeba tisa. Siku hiyo lilibeba wanne na tangi, na dereva akatoza nauli ya tisa, kwa hoja kwamba tangi lingekuwa mtu lingekuwa mnene. Kwenye kizuizi kimoja cha barabarani afande akainama dirishani, akaona mfuko mkubwa wa plastiki uliojaa unga mweupe miguuni pa Injinia.

"Hii nini?"

"Chumvi, afande."

"Kilo 10? Unapika harusi ya nani?"

"Si ya kupikia. Ni ya kutengenezea bahari."

Afande akanyamaza. Akatutazama mmoja mmoja, akaliangalia tangi, akarudi kwenye mfuko. "Bahari wapi?"

"Homa Bay."

Tukateremshwa. Ukisafiri kutoka upande wa mpaka wa Isebania ukiwa na unga mweupe usioeleweka, hilo si jibu la kumpa mtu aliyeanza zamu saa sita usiku. Mfuko ulifunguliwa, ukanuswa, na hatimaye afande akalowesha kidole, akakichovya, akaonja. Uso ukamkunjamana. Ilikuwa chumvi. Akauliza bei yake, Injinia akamtajia, kwa sababu Injinia hajui kusema uongo hata pale ambapo ungemfaa. Afande alifunga mfuko pole pole. "Kwa bei hiyo," akasema, "heri ingekuwa ile nyingine."

Nyumbani maswali ya chumvi yaliendelea. Maji ya bahari yana gramu 35 hivi za chumvi katika kila lita. Kwa lita 200, piga hesabu mwenyewe: kilo 7. Mama alisimama mlangoni akamtazama mwanawe aliyesoma kwa jasho la omena akimimina kilo 7 za chumvi kwenye maji safi, na hakusema neno. Shangazi ndiye aliyeuliza kwa nini asinunue ya dukani, ya pakiti, iliyo rahisi. Jibu lilikuwa refu. Chumvi ya jikoni karibu yote ni aina moja tu, na kwetu Kenya sheria inataka itiwe madini ya aidini. Ya bahari ina magnesi, kalisi, potasi na vitu vingine ambavyo samaki, mawe na vijidudu vyote huvitegemea. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo samaki wako wanakula chumvi nzuri kuliko sisi."

Baba mdogo hakutaka kupitwa. Alimtuma kijana wa boda boda mpaka Simbi Nyaima, lile ziwa dogo la volkeno karibu na Kendu Bay, akamletea Injinia jerikeni mbili za maji. "Chumvi ya bure," alitangaza, "ya hapa hapa, haihitaji afande." Ni kweli kwamba maji ya Simbi yana chumvi. Ila ni chumvi ya magadi, kali, ya kupendwa na mwani na heroe wanaotua pale kula huo mwani. Samaki wa baharini angekufa humo kabla ya kujua amefika wapi. Injinia akafungua kinywa kueleza, Mama akamkanyaga mguu. Kila mtoto wa Homa Bay anajua kisa cha Simbi: bikizee mgeni alifika kijijini wakati wa sherehe, wakamfukuza, ni mwanamke mmoja tu aliyemsitiri, na usiku huo maji yakafunika kijiji kizima. Ziwa lenye historia hiyo si ziwa la kulikatalia zawadi yake. Jerikeni zilipokelewa kwa mikono miwili, zikawekwa nyuma ya nyumba, na ziko huko mpaka leo.

Tangi likajaa. Pampu ikanguruma, taa ya buluu ikawaka, mawe na mchanga vikapangwa, na mtaa mzima ukaalikwa kuona bahari. Walichoona ni maji. Hakuna mtu aliyewaambia wageni kwamba tangi la maji ya chumvi haliingizwi samaki siku hiyo hiyo. Uchafu wa samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu. Kuna bakteria wa kuigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Halafu kuna bakteria wengine wa kuigeuza nitriti kuwa nitreti, ambayo angalau haina haraka ya kuua. Bakteria hao wanachukua wiki nyingi kuota kwenye mawe, na lazima walishwe. Watu wengine huwatilia kamba mmoja aliyekufa aoze polepole. Homa Bay hakuna kamba wa baharini. Kuna omena.

Kwa hiyo mgeni aliyekuja kuona samaki wa baharini alikuta omena mmoja mkavu, amelala chali juu ya mchanga, ameangaziwa taa ya buluu.

"Ndiye huyu?" Baba mdogo aliuliza kwa upole.

"Huyo ni chakula cha bakteria."

"Samaki wenyewe wako wapi?"

"Bado. Kwanza nalima bakteria."

Habari ikasambaa sokoni kabla ya saa nne. Injinia, aliyekuwa akirusha vitu, sasa anafuga uozo. Wanawake wa chama cha Mama walikuja kumpa pole, wakaleta sukari. Mama alipokea sukari, akawajibu kwa hadhi kwamba mambo ya sayansi hayana haraka, halafu walipoondoka akamgeukia mwanawe na kumwuliza, kwa sauti ambayo sijaisikia tangu nilipoangusha redio ya marehemu Baba, huyo omena atamtoa lini.

Samaki wakaja. Walisafirishwa kwa ndege mpaka Kisumu, kisha kwa barabara kupitia Ahero na Kendu Bay, kila mmoja kwenye mfuko wake wa plastiki uliojazwa maji na oksijeni. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea tarehe 28 Agosti 2017, na kuna watoto mtaani kwetu ambao hawakuwa wamewahi kuona mfuko unaong'aa namna ile. Walishangilia mfuko, samaki wakawa wa pili. Injinia alituambia tusidharau usafiri huo. Mwaka 1973 Wamarekani walipeleka samaki wawili kwenye kituo chao cha anga cha Skylab, samaki wadogo wa maji ya chumvi kutoka pwani yao, nao waliishi ndani ya mfuko wa plastiki. Mwanzoni waliogelea wakizunguka ovyo kwa kuwa hawakujua chini ni wapi, baadaye wakazoea. "Na walirudi?" Mama aliuliza. Injinia akaanza kueleza mambo ya majaribio. Mama akasema asante, ameelewa, hawakurudi.

Hawa wetu walikuwa wawili pia, wa kahawia na machungwa, wenye mistari myeupe mwilini, aina inayoishi Pwani kuanzia Kenya kushuka mpaka Afrika Kusini. Watoto waliwaita Nemo wote wawili, kwa sababu ya ile filamu ya katuni ya 2003. Katika kaunti ambayo mbuta mmoja huweza kumlemea kijana kumbeba, walipokewa kwa ukimya wa huruma. Baba mdogo aliinama mpaka pua ikagusa kioo. "Watakua?" Kidogo, alijibiwa. "Wanalika?" Hapana. "Basi wanafanya nini?"

Hapo ndipo Injinia alipoamua kutoa sifa yao kubwa. Samaki hawa, alisema, wote huzaliwa madume. Katika kundi, mkubwa kuliko wote hugeuka kuwa jike, naye ndiye mtawala. Jike akifa, mume wake hugeuka kuwa jike na kushika usukani, na dume mdogo anapandishwa cheo. Ilikuwa Jumapili, mchana, na wazee wawili wa kanisa walikuwa mezani. Baba mdogo akaweka kikombe chini. "Injinia," akasema, "rudi kwenye roketi."

Likizo ikaisha, Injinia akarudi Nairobi. Ni hapa nilipojifunza tofauti kubwa kati ya setilaiti na tangi la samaki, na ninaamini haimo kwenye vitabu vyao. Setilaiti ndogo ikishapaa hakuna mkono wa binadamu utakaoigusa tena. Mainjinia hulalamikia jambo hilo, eti huwezi kukaza hata skrubu moja. Hawajui neema waliyo nayo. Tangi la sebuleni kila mtu analigusa. Mpwa wangu aliwatilia ugali, kwa kuwa hakuna kiumbe aliyeshiba Homa Bay bila ugali. Shangazi aliona samaki wamelala bila shuka, akalifunika tangi kwa kitambaa kizito cha kufuma, kile kile anachofunikia kochi wageni wasipokuwepo, na joto likapanda. Mtu mwingine, ambaye hajajulikana, alitumbukiza sarafu ya shilingi 20. Injinia alikuwa amefunga vihisi vinavyomtumia taarifa kwenye simu, na kila kihisi kilipolia Nairobi, simu ililia Migori. "Japuonj, joto ni 29." "Japuonj, kuna kitu cha chuma majini." Nikapanda Probox, nikapitia Rongo, nikafika, nikafunua kitambaa, nikanywa chai, nikarudi.

Stima ilikuwa kesi kubwa zaidi. Ikikatika, pampu husimama, hewa hupungua majini, na saa chache zinatosha kuleta msiba. Kwa mpima betri za setilaiti, jambo hilo halikuwa la kutisha. Setilaiti ya kimo cha kilomita 500 huizunguka dunia kwa dakika 95 hivi, na zaidi ya nusu saa katika hizo hupita gizani, kwenye kivuli cha dunia. Hukutana na usiku takriban mara 15 kila siku na haizimiki, kwa kuwa kila wati imehesabiwa kabla ya safari. Akaweka paneli ya jua juu ya paa, betri nzuri chini ya meza ya tangi, akapiga hesabu ya wati za pampu na hita, akaongeza akiba, akatangaza kwamba samaki wa Mama sasa wana umeme wa uhakika kuliko wodi ya wagonjwa.

Siku stima ilipopotea mtaa mzima, betri ilidumu muda mfupi mno. Injinia alinipigia akiwa amechanganyikiwa. Hesabu zilikuwa sahihi, alizirudia zote. Nilikwenda. Kwenye betri ile kulikuwa na simu za chama kizima cha Mama, redio ya Baba mdogo, taa mbili za kusomea za watoto wa jirani, na mashine ya kunyolea, kwa sababu kinyozi wa kona alikuwa na wateja wameketi na nusu ya kichwa. Mama alinitazama bila wasiwasi. "Ningewakatalia vipi? Umeme wa mwanangu ni wa mbinguni." Kule juu gharama zote za umeme zimeandikwa, lakini hakuna safu ya shemeji.

Samaki hawakufa. Usiku ule Mama alichukua upawa, akakaa kwenye kigoda kando ya tangi, akawa anachota maji na kuyarudisha kutoka juu, taratibu, chururu chururu, akiingiza hewa. Hakufundishwa na mtu. Ndivyo alivyowaona wavuvi wa utotoni mwake wakifanya walipobeba ngege wazima kwenye ndoo. Injinia alipozisoma takwimu za kihisi asubuhi aliona mstari wa oksijeni uliotetereka kidogo tu, akanipigia kuuliza ni pampu gani ya akiba ilifanya kazi.

Na kuna jambo la ulimi. Maji yanapokuwa mvuke, chumvi hubaki, kwa hiyo kila baada ya muda tangi huongezwa maji matamu kurudisha kipimo. Injinia ana kifaa cha kioo cha kupimia chumvi, cha bei. Mama huchovya kidole. Siku moja alimpigia mwanawe kumwambia chumvi imezidi. Injinia akaangalia kihisi, akamjibu kila kitu kiko sawa. Mama akasema haya. Kumbe kihisi kilikuwa kimeganda ukoko wa chumvi. Tangu hapo ulimi wa Mama umeingizwa rasmi kwenye utaratibu, na nimeona kwa macho yangu jedwali la Injinia lenye safu mbili, moja imeandikwa "Kihisi", ya pili "Mama", na pale zinapotofautiana kuna maelekezo ya kufuata ya pili.

Ukija sebuleni kwa Mama siku hizi utakuta bango kwa Kijaluo, Kiswahili na Kiingereza: usilishe, usifunike, usichaji. Samaki mmoja amenenepa na kumzidi mwenzake, naye humfukuza kila pembe; Mama anasema huyo ameshakuwa mwenye nyumba, na Baba mdogo huondoka mazungumzo yakifika hapo. Wanawake wa chama hawaleti tena sukari ya pole. Huleta wageni wao, na Mama huwaeleza habari za amonia, nitriti na nitreti kwa Kijaluo safi, kwa kujiamini ambako sijakuona kwenye semina yoyote ya walimu, kisha humalizia kwa kusema kijana aliyejenga hii ndiye yule wa mikate ya angani.

Injinia naye amepata moyo. Juzi amenitumia mchoro wa tangi la lita 500, lenye matumbawe, mawimbi ya kutengeneza na betri mbili, ya pili ikiwa ya majirani. Anasema Homa Bay ilikuwa jaribio tu. Sasa anatafuta nyumba yenye sakafu imara, mtu wa kuaminika na shemeji wachache, na ameuliza vipimo vya sebule yangu. Nimemjibu kwa barua rasmi, yenye tarehe, sahihi na nakala kwa Mama: sebule ya Migori haina nafasi.